Kabla hujanunua hisa za kampuni ndogo inayotafuta almasi, angalia haya

Siku hizi hapa Malindi ukikaa na vijana kidogo tu utasikia habari za hisa za nje. Zamani ilikuwa Safaricom pale NSE basi, saa hii mtu ana simu yake mkononi amekaa zake jeti anakula mabuyu na ananunua hisa za Toronto au London. Na katika hizo hisa kuna aina moja inawavuta watu vibaya sana, nazo ni hizi kampuni ndogo zinazozunguka dunia kutafuta almasi. Bei yake senti nane, senti tano, mtu anapiga hesabu anaona aa, kwa elfu ishirini yangu napata maelfu ya hisa, wakigundua tu nimetoka. Mwongozo huu ni wa mtu huyo. Sikwambii nunua wala sikwambii acha, nakueleza mimi naangalia nini na naanza wapi, na ukifuata mpangilio huu utaona katika kampuni kumi nane umeshazitupa kabla hujafika katikati.

Kwanza shika jambo moja. Hizi kampuni hazina mauzo, hazina mgodi, hazina chochote cha kuuza isipokuwa leseni ya ardhi, makaratasi ya wanajiolojia, na hisa mpya. Hizo hisa mpya ndo chakula chao cha kila siku. Kwa hivyo swali la maana sio "kuna almasi au hakuna", swali ni hatua inayofuata itakula pesa ngapi, nani atazitoa, na mimi niliyenunua leo nitabaki na kipande gani wakishamaliza. Ukiwa na swali hilo kichwani yote mengine yanakaa sawa.

(Wengine wataniuliza hii ni halali au ni kamari. Hilo muulize sheikh wako, mimi si mtu wa fatwa. Ninachojua ni kwamba nyingi hazina mkopo wa riba, na sio kwa sababu ya ucha Mungu, ni kwa vile hakuna benki itakayowakopesha.)

1. Hakikisha kampuni yenyewe ipo na iko soko gani

Hapa hupotezi muda. Nyingi za aina hii ziko TSX Venture kule Kanada, AIM ya London, au ASX ya Australia. Za Kanada ripoti zao zote zinawekwa kwenye websaiti inayoitwa SEDAR+, bure, unaingia unasoma mwenyewe. Za London na Australia nazo zinatoa taarifa kupitia soko lenyewe. Kama mtu amekuletea "hisa za almasi" na hakuna soko linalozijua, ati utapewa cheti ukishatuma M-Pesa, hapo hakuna cha kuchambua, funga mazungumzo uende zako.

Halafu brokeri wako, angalia orodha ya waliopewa leseni kwenye websaiti ya CMA, mamlaka ya masoko ya mitaji hapa Kenya, na muulize mapema kama TSX Venture inafikika kwake manake wengi wanaishia New York tu. Kuna hisa za Kanada pia zinauzwa Marekani nje ya soko rasmi, OTC, lakini huko wanunuzi ni wachache, unaweza kuingia leo na siku ya kutoka ukakuta hakuna anayetaka.

2. Jua almasi inakaa wapi, angalau kidogo

Almasi inapanda juu kutoka chini kabisa ya ardhi ikiwa ndani ya mwamba wa volkeno unaoitwa kimbalaiti, jina limetoka mji wa Kimberley kule Afrika Kusini. Huu mwamba unatokea kama bomba lililosimama wima, juu pana na chini linapungua. Lakini sio kila kimbalaiti ina almasi. Zenye maana karibu zote ziko kwenye mabamba ya ardhi ya kale sana, wataalamu wanayaita kratoni, na ndo maana wenzetu Tanzania wana Mwadui kule Shinyanga, aliyoigundua John Williamson mwaka 1940, na sisi huku pwani tuna mchanga na chumvi ya Gongoni. Basi ukiona kampuni inatafuta almasi mahali ambapo hakuna kratoni chini yake, wawe na maelezo mazito sana. Mgodi wa Argyle kule Australia ulikuwa kwenye mwamba wa aina nyingine na pembeni ya kratoni, kwa hivyo ajabu hutokea, lakini wewe hununui ajabu.

Sasa sikia hesabu inayotisha. Kimbalaiti zilizojulikana duniani ni zaidi ya elfu sita, zilizoonekana na almasi hata kidogo ni kama elfu moja hivi, na zilizowahi kuwa na almasi ya kutosha kulipa gharama za mgodi ni takriban 60. Chini ya asilimia moja. Kwa hivyo taarifa ikisema "tumegundua kimbalaiti mpya", vizuri, hongera, hapo ndo wamefika mlangoni.

Kuna ujanja mwingine unaitumia hiyohiyo jiolojia. Kimbalaiti hutokea kwa makundi, hilo ni kweli, basi kampuni inachukua leseni kilomita kadhaa kutoka mgodi mkubwa halafu kila taarifa inataja huo mgodi wa jirani mara tano. Uliza mgodi wa Ekati kule kaskazini mwa Kanada: kwenye eneo lile zimepatikana kimbalaiti zaidi ya 150 na zilizochimbwa ni chache za kuhesabu kwa vidole. Ujirani haugawi almasi.

3. Wamefika hatua gani ya kutafuta?

Kila kampuni utakayoisoma iko mahali fulani kwenye ngazi hii, na wao hawatakuambia kwa uwazi wako daraja la ngapi, lazima ulitafute mwenyewe.

Chini kabisa ni kutafuta madini ya dalili. Kimbalaiti ikimomonyoka inamwaga chembe za ganeti nyekundu-zambarau, ilmenaiti nyeusi, daiopsidi ya kijani, na hizi zinasafiri na maji au barafu mbali sana. Mtu wa Malindi hii anaielewa bila kufundishwa, bahari yetu ikibadilika ikawa kahawia msimu wa mvua za bara unajua ni tope la Sabaki, na ukitaka kujua limetoka wapi unapanda na mto kinyume. Ndivyo wanajiolojia Chuck Fipke na Stewart Blusson walivyofanya Kanada, wakafuata chembe karibu miaka kumi kuelekea mashariki mpaka zikakatika, wakajua wamefika. Kule Botswana chini ya mchanga wa Kalahari hata mchwa wamesaidia, wanachimba chini kutafuta unyevu na kuzipandisha chembe juu. Sasa ganeti nazo zina daraja, wanaojua wanaangalia zile zenye kromu nyingi na kalsiamu kidogo, zinaitwa G10, manake zinatoka kule kina almasi inakokaa. Kampuni ikisema "tumepata ganeti" bila kutoa uchambuzi wa kemikali, haijasema kitu.

Daraja la pili ni ndege kupima sumaku ya ardhi, la tatu ni kuchoronga mwamba, la nne ni kupeleka mwamba maabara kuyeyushwa ili vialmasi vidogo vibaki, la tano ni sampuli kubwa ya mamia au maelfu ya tani, halafu zinakuja ripoti za uchumi wa mgodi, ya awali, ya kati na ya mwisho, halafu ujenzi. Kila daraja linagharimu mara nyingi kuliko lililotangulia. Madaraja ya kwanza ni ya mamia ya maelfu ya dola, sampuli kubwa ni mamilioni, mgodi ni mamia ya mamilioni.

Na muda! Gahcho Kué kule Kanada, mgodi wa kampuni za De Beers na Mountain Province, bomba lake la kwanza liligunduliwa 1995, mgodi ukafunguliwa 2016. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule alikuwa ameshamaliza chuo. Aliyenunua hisa 1995 akifikiria mwaka mmoja miwili, sijui alijiambia nini.

4. Isome taarifa kwa jicho la mnunuzi wa samaki

Hapa tutakaa kidogo, manake ndo wanapowapatia watu.

Taarifa inakuja na kichwa: "Almasi 200 zapatikana!" Bei inaruka asubuhi hiyohiyo. Wewe usikimbie, tafuta vitu vinne kwenye maandishi madogo. Sampuli ilikuwa kilo ngapi? Almasi zilikuwa za ukubwa gani, zilipita kwenye chujio la milimita ngapi? Zilitoka shimo moja au mashimo kadhaa? Na maabara ni ya nani, ni ya nje inayojitegemea au ni chumba cha nyuma cha kampuni?

Zile za maabara ya kuyeyusha mara nyingi ni vumbi, sehemu ya kumi ya milimita, hakuna sonara atakayezigusa. Mgodi wenyewe kwa kawaida hauokoti kitu kilicho chini ya milimita moja hivi. Faida ya vialmasi vidogo ni kwamba wataalamu wanaangalia vinavyopungua kadiri chujio linavyokuwa kubwa, wakachora mstari na kukadiria kubwa zitakuwa ngapi. Kwa hivyo unachotaka kuona ni jedwali lote, chujio kwa chujio, na kwamba kwenye machujio makubwa bado kuna chochote. Kampuni ikitoa jumla tu bila jedwali, mimi naiacha.

Mfano mzuri ni huohuo wa Fipke. Shimo la kwanza kwenye bomba la Point Lake, hukohuko Ekati, mwaka 1991 lilitoa vialmasi 81 kwenye mwamba wa kilo 59, na taarifa hiyo ikawasha moto Kanada nzima, watu wakakimbilia kuweka vigingi mpaka kwenye maziwa. Kampuni yao ya Dia Met iliyokuwa ya senti ikapanda ajabu, Ekati ikafunguliwa 1998. Lakini mgodi haukuanzia Point Lake! Ulianzia mabomba ya jirani, na Point Lake yenyewe ilikuja kuchimbwa miaka thelathini baadaye, na 2025 wakasimamisha kwa kuwa hailipi. Yaani hata taarifa maarufu kuliko zote kwenye biashara hii ilikuwa ya bomba ambalo lenyewe lilikuwa dhaifu. Faida waliipata walionunua uwanja mzima, sio shimo.

Daraja la sampuli kubwa sasa, hapa ndo unapata namba mbili zinazoendesha kila kitu: karati ngapi kwa tani, na dola ngapi kwa karati. Karati ni moja ya tano ya gramu. Zizidishe upate dola kwa tani, halafu linganisha na gharama ya kuchimba na kusaga hiyo tani. Moja bila ya pili haina maana. Letšeng kule Lesotho ina karibu karati mbili tu kwa tani MIA, ukisikia hivyo unacheka, lakini mawe yake ni makubwa na safi, karati moja imeuzwa kwa miaka mingi zaidi ya dola elfu, na mgodi unaishi. Argyle ilikuwa kinyume, karati nyingi kwa tani na nyingi ni vidogo vya kahawia vya bei ya chini, zile za waridi ndo zilizoipa jina, mpaka ilipofungwa 2020.

Tuseme kampuni inakuambia karati 0.4 kwa tani na dola 90 kwa karati. Hiyo ni dola 36 kwa tani. Kama mgodi uko kwenye barafu mbali na umeme, ambapo dizeli inapelekwa kwa malori, 36 haitoshi hata kidogo. Kama uko kando ya lami Botswana na shimo ni la wazi, tunaweza kuendelea kuzungumza.

Na bei ya karati uichunguze kweli. Walithamini karati ngapi? Kwa mawe machache bei ni ubashiri, inatakiwa maelfu ya karati ndo mthamini aseme kitu cha kusimamiwa. Jiwe moja kubwa kwenye furushi dogo linapandisha wastani mpaka mbinguni, kwa hivyo tafuta kama wametoa wastani bila hilo jiwe. Mgodi wa Renard kule Quebec, Kanada, ni somo zima: kampuni ya Stornoway wakajenga mgodi wa mamia ya mamilioni, wakaanza uzalishaji wa kibiashara 2017, bei waliyoipata sokoni ikawa chini mno ya ile ya makaratasi, mawe mengine yakawa yanavunjika mtamboni, na 2019 kampuni ikaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake. Wenye hisa walibaki na karatasi. Na ripoti yao ya uchumi ilikuwa kamili, imesainiwa na wataalamu wenye vyeti.

5. Hesabu hisa, sio senti

Mimi kama ningekuwa na nusu saa tu ya kuichunguza kampuni ningeitumia yote hapa.

Bei ya senti nane haimaanishi rahisi. Chukua hisa zote zilizotolewa uzidishe kwa bei. Tuseme ziko milioni 180 kwa senti nane za Kanada, hiyo kampuni inauzwa dola milioni 14.4. Sasa jiulize, kwa leseni na makaratasi, ina thamani hiyo? Fungua mahesabu ya robo mwaka, tafuta pesa taslimu. Tuseme dola milioni 1.1. Tafuta wanatumia ngapi kwa mwezi, tuseme laki moja na nusu. Basi wana miezi saba, na kabla ya hapo watakuja sokoni kuuza hisa nyingine, hilo sio labda.

Sasa sampuli kubwa wanayoitangaza itagharimu milioni nane. Kwa senti nane ni hisa mpya milioni mia moja. Zilikuwa 180, zitakuwa 280. Kipande chako kimepungua zaidi ya theluthi na bado hakuna almasi hata moja iliyookotwa. Na mara nyingi hawauzi kwa bei ya soko, wanauza kwa punguzo, na kila hisa wanaiambatanisha na waranti, yaani haki ya kununua hisa nyingine baadaye kwa bei iliyopangwa leo. Waranti milioni sitini za senti kumi na mbili maana yake ni kwamba siku bei ikifika kumi na mbili kuna hisa mpya milioni sitini mlangoni zinazosubiri kuuzwa. Hesabu nyingi utaziona zimeandikwa kwa hisa zilizopo tu, wewe ongeza waranti na zile haki za kununua hisa walizopewa wakurugenzi upate idadi kamili. Imo kwenye ripoti, kwenye kurasa za nyuma ambazo hazina picha.

Angalia pia historia. Kuna kampuni zikishafika hisa milioni mia nne zinakusanya, kila hisa kumi zinakuwa moja, bei inaonekana imepanda kutoka senti tatu hadi thelathini, halafu mchezo unaanza upya. Ukiona wamefanya hivyo mara mbili ndani ya miaka michache na projekti ni ileile, au mbaya zaidi projekti imebadilika kutoka almasi kwenda lithiamu kwenda dhahabu kufuata kinachovuma, basi biashara ya hiyo kampuni ni kuuza hisa, madini ni pambo.

Kitu kingine ni mgawanyo wa matumizi. Pesa ngapi zimeingia ardhini na ngapi mishahara, ofisi Vancouver, safari, na "mahusiano na wawekezaji". Nikiona nusu haikufika ardhini natoka. Na huyo promota anayekutumia ujumbe kila siku, soma mistari ya chini kabisa ya barua yake, sheria za kule zinamlazimisha kuandika kama amelipwa. Mara nyingi amelipwa.

Njia nzuri ya hili tatizo la pesa ni mshirika mkubwa: kampuni kubwa kama De Beers, na zamani Rio Tinto, inalipia utafutaji na kuchukua asilimia kubwa. Utabaki na kipande kidogo lakini hisa hazizaliani. Soma masharti lakini, manake mkubwa akijitoa, na hujitoa, bei huanguka siku hiyohiyo, na wakubwa wana data kuliko wewe. Ingawa hata wao hukosea: bomba la AK6 Botswana De Beers walilijua tangu 1969, wakaliona halina uzito, mwishoni wakawauzia kampuni ndogo ya Lucara sehemu yao ya asilimia sabini hivi kwa dola milioni 49. Leo linaitwa Karowe, limetoa jiwe la karati 1,109 mwaka 2015 na la karati 2,488 mwaka 2024. Na hata hapo, mwezi ule wa jiwe la 2,488 hisa ya Lucara ilikuwa chini ya dola moja ya Kanada, manake kulikuwa na mgodi wa chini ya ardhi wa kulipia. Nimekuambia, ni nani analipa.

6. Watu

Fupi. Tafuta mkurugenzi na mwanajiolojia mkuu walikuwa wapi kabla, na wenye hisa wa pale walibaki na nini. Tafuta kama wananunua kwa pesa zao sokoni au wanapewa bure. Kwa kampuni za Kanada, kila taarifa ya kitaalamu lazima iwe na jina la mtaalamu aliyeithibitisha, kanuni yenyewe ni NI 43-101 na ilikuja 2001 baada ya Bre-X, ile kampuni ya Kanada iliyodai kupata dhahabu Indonesia, ikafika thamani ya mabilioni kabla ya kugundulika 1997 kwamba sampuli zilitiwa dhahabu kwa mkono. Jina likiwa ni la mfanyakazi wa kampuni sio kosa, ila ripoti kubwa iwe ya mtu wa nje.

7. Nchi, barabara na wenye ardhi

Sisi wa pwani hapa hatuhitaji mfano wa mbali. Tiomin ya Toronto ilishika mchanga wa titani wa Kwale tangu miaka ya tisini, na huku kwetu Mambrui pia walikuwa wamepima. Miaka ikaenda kwa mivutano ya fidia, ardhi, mahakama na kutafuta mtaji. Mwaka 2010 ikaungana na kampuni ya almasi inaitwa Vaaldiam, na mwaka huohuo Kwale ikauzwa kwa Base ya Australia. Base ndo wakajenga, meli ya kwanza ikaondoka Februari 2014, wakachimba mpaka Desemba 2024. Madini yalikuwa yaleyale siku zote. Aliyekuwa na hisa za kampuni ya kwanza hakula, na kama uliwahi kuzungumza na watu waliohamishwa pale Kwale unajua kwamba hesabu ya fidia haikai vizuri kwenye jedwali la mtu wa Toronto.

Kwa almasi mbaya kuliko zote ni Marange ya Zimbabwe. African Consolidated Resources, kampuni ndogo ya London, walishika eneo lile 2006, almasi zikaonekana, na serikali ikawatoa mwaka uleule. Yaani kugundua ndo kulikowaponza. Na Tanzania 2017 sheria zilibadilishwa serikali ikachukua hisa za lazima, na furushi la Mwadui la karati zaidi ya elfu 71 likazuiwa uwanja wa ndege Dar es Salaam. Sisemi Afrika ni hatari na Kanada ni salama, Kanada adui ni baridi: migodi ya kule kaskazini inapelekewa mafuta na vyuma kwa barabara ya barafu inayodumu kama miezi miwili tu kwa mwaka, na mwaka 2006 joto liliifupisha, kila kitu kikapanda gharama. Jericho, mgodi uliofunguliwa 2006 hukohuko, 2008 ulikuwa umefungwa.

8. Soko la almasi lenyewe

Hapa lazima niseme ukweli ninavyouona, na utanikasirikia kama umeshanunua. Almasi za maabara zimevuruga kila kitu. De Beers wenyewe walifungua chapa yao ya almasi za maabara, Lightbox, 2018 wakiziuza dola 800 kwa karati ili zionekane za bei rahisi, bei ya sokoni ikashuka chini ya hapo, na 2025 wakatangaza kuifunga. Tangu 2022 almasi ghafi imeteremka. Anglo American, wenye hisa nyingi za De Beers, walitangaza 2024 wanataka kuachana nayo. Kwa hivyo ripoti yoyote ya uchumi iliyoandikwa kabla ya hapo na haijarekebishwa bei, chukua kalamu ukate theluthi moja kwenye dola kwa karati, uone kama mgodi bado unasimama. Nyingi hazisimami. Zinazobaki ni zile zenye mawe makubwa, manake kwenye vidogo ndo maabara imekula zaidi.

9. Ukiamua kununua

Weka pesa ambayo ikipotea yote ada ya shule inalipwa na kodi inalipwa. Igawe kwa kampuni tatu au nne, sio moja. Usinunue siku ya taarifa nzuri, kampuni hizi hupanda kabla ya matokeo na kulala baada yake, miezi ya ukimya ndo bei inakuwa ya mtu mzima, na muda mzuri zaidi mara nyingi ni wiki chache baada ya wao kuuza hisa mpya, pesa imeshaingia benki na walionunua kwa punguzo wameanza kuzitema. Agiza kwa bei unayoitaka wewe, usibonyeze "bei ya soko", kwenye hisa ambayo haina wauzaji wengi utapewa bei ya ajabu.

Na kabla ya kubonyeza andika mahali mambo matatu: unangoja matokeo gani, yanatarajiwa lini, na utauza kwa lipi. Mimi kawaida bei ikizidi maradufu nauza nusu, pesa yangu inarudi, iliyobaki iende inakotaka. Matokeo yakija mabaya nauza yote siku hiyo hata kama ni kwa robo ya bei, manake kinachofuata ni taarifa ya "tunatathmini upya projekti" halafu hisa mpya kwa senti mbili. Halafu tarehe za waranti ziandike kwenye kalenda ya simu, wiki ya mwisho kabla hazijaisha ndo mauzo yanamwagika, kama bado hujatoka toka kabla ya hapo.